Daftari, mhasibu wa mwisho wa mwezi au programu ya kaunta: VAT ya duka lako uishike vipi?

Duka likiwa moja hesabu zote zinakaa kichwani. Unajua leo zimetoka feni ngapi, unamjua yule wa Fuoni ambae hajalipa tangu mwezi uliopita, unajua mzigo wa boti ya asubuhi umekula kiasi gani. Duka la pili likifunguka kichwa kinajaa, na hapo ndipo VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inapoanza kumtoa mtu jasho. Mie nauza vifaa vya umeme na vya nyumbani, na karibu kila wiki napigiwa simu na mtu wa Mlandege au Mwanakwerekwe hapa Unguja, suali ni lile lile, dada niendelee na daftari langu, nitafute mhasibu, au ninunue hiyo programu vijana wanayopita wakiuza? Na kila mmoja anataka jibu la neno moja kisha akate simu. Jibu la neno moja sina, kwa sababu zote tatu nimezipita na zote tatu zimenisaidia na zote tatu zimenitia khasara kwa zamu yake.

Kwanza tuelewane nazungumzia kodi gani maana hapa watu wanachanganya sana. Hii ni VAT ya Zanzibar, inayokusanywa na ZRA, Mamlaka ya Mapato ya Zanzibar (wengi bado tunaiita ZRB, jina lilibadilika kwa sheria ya mwaka 2022 lakini ulimi haujabadilika), na kwa bidhaa za kawaida za dukani ni asilimia 15. Kodi ya mapato iko TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ofisi nyengine na ritani nyengine (ritani ni ile taarifa ya kodi unayopeleka), unamkuta mtu kalipa huku anadhani kamaliza kote. Na kama mauzo yako hayajafika kiwango cha kusajiliwa VAT basi wewe uko kwenye ushuru wa stempu, usijipachike 15 kwenye bei kwa sababu jirani yako kafanya. Kiwango chenyewe kiulize ofisini kila bajeti ya mwezi wa sita ikishasomwa. Ila jua mambo mawili: kinaangalia mauzo, sio faida, na kinamuangalia mwenye biashara sio mlango wa duka, ukiwa na duka Darajani na jengine Jumbi unayajumlisha. Wanaokua wengi wanaanguka hapa hapa, anasubiri faida inone ndio akajisajili, kumbe mauzo yalishapita zamani na deni linamsubiri.

Makosa yenyewe kabla ya njia

Huwezi kuchagua dawa kabla hujajua unaumwa nini, kwa hiyo nitayataja makosa manne ninayoyaona mara nyingi, halafu njia zote tatu tutazipima kwa hayo.

La kwanza ni la kupiga 15% juu ya bei ambayo VAT imo ndani. Feni unaiuza 115,000, VAT imo. Mtu anachukua kikokotoo anapiga 15% ya 115,000 anapata 17,250 anaiandika. Sio hivyo. Ndani ya 115,000 kodi ni 15,000, unazidisha kwa 15 halafu unagawa kwa 115. Tofauti ni 2,250 kwa feni moja, wala huisikii, lakini mwezi wa joto ukiuza feni 40 ushajilipisha 90,000 ambayo hakuna aliekudai. Mie nilifanya hivi miezi mitano, na nilikuwa najiona mjanja kwa sababu sijawahi kuchelewesha ritani.

La pili ni mkopo. Hoteli ndogo ya Paje inachukua vitu vya 2,300,000, unawakatia risiti leo, wao watalipa baada ya miezi miwili wakijaaliwa wageni. VAT humo ni 300,000 na inaingia kwenye ritani ya mwezi huu, hailisubiri hilo jaala. Wanaoandika pesa ikiingia tu wanajikuta mauzo yao kwenye ritani hayafanani na risiti zilizokwisha katwa kwenye mfumo, na ofisa anaiona hiyo tofauti kabla yako.

La tatu ni manunuzi bila ya risiti nzuri. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Umenunua mzigo kwa mtu wa jumla aliesajiliwa VAT hapa hapa Unguja kwa 1,150,000, ndani yake kuna 150,000 ya kodi. Unaenda kuuuza 1,380,000, kodi yake 180,000. Ukiwa na risiti ya kielektroniki yenye jina lako na namba yako ya kodi unalipa tofauti, 30,000 basi. Huna risiti, au unayo imeandikwa "mteja" tu, unalipa 180,000 nzima. Sehemu kubwa ya faida ya mzigo imekwenda na maji kwa sababu ulikuwa na haraka ya kupakia gari. Na mzigo wa kutoka Bara usiuchanganye humo, risiti ya Kariakoo ya Dar ni ya 18% na ni ya sheria nyengine, iweke mbali na umuoneshe ofisa wako kabla hujaipachika popote.

La nne dogo lakini linaudhi: miezi isiyo na kitu. Masika imekuja, wageni hakuna, umefunga duka la shamba mwezi mzima, huuzi, basi na ritani hupeleki. Ritani inakwenda hata ikiwa sifuri, ukinyamaza mfumo haujui kama ulilala, unahesabu tu kuwa hukuleta.

Ukiyaangalia vizuri haya, matatu katika manne yanazaliwa kaunta au stoo, mwisho wa mwezi yanaonekana tu. Kwa hiyo vigezo vyangu ni hivi: njia inakulinda pale kaunta au baadae, inakula pesa na muda gani, inakuwaje umeme au intaneti ikikatika au mtu akiondoka, na siku ofisa akija kukagua unamuonesha nini.

Daftari na wewe mwenyewe

Hili usilidharau. Daftari zuri ni lile lenye tarehe, namba ya risiti, kiasi, VAT, na kalipa kwa nini, taslimu au simu au mkopo. Upande wa pili manunuzi, vile vile. Moja tu, sio madaftari mawili la ofisa na la tajiri, hilo mie silifundishi.

Kaunta linakulinda sana ikiwa anaekaa kaunta ni wewe. Unaandika ukiuza, unakumbuka, mkopo unaujua kwa jina la baba yake. Ukimuachia kijana wa duka mambo yanakuwa mengine, ataandika jioni kwa kukisia, na siku ya Ijumaa akitoka mbio msikitini hataandika kabisa. Halafu risiti za kielektroniki unazikata kwenye mfumo wa ZRA (ile VFMS, simu au kompyuta inatosha), kwa hiyo una sehemu mbili za mauzo, daftari na mfumo, na kazi yako kila jioni ni kuhakikisha zinasema kitu kimoja. Dakika kumi na tano. Ukiziruka siku tatu ushapotea.

Gharama ni ya daftari na kalamu. Gharama ya kweli ni usiku wa kuamkia siku ya ritani, watoto wamelala wewe uko sakafuni na risiti. Umeme ukikatika hakuna tatizo, na sisi tuliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya giza, tunajua thamani ya kitu kisichohitaji soketi. Tatizo lake ni maradhi. Ukilazwa wiki mbili hakuna mwengine anaeweza kulisoma daftari lako, mume wangu alijaribu akadhani "M.K." ni jina la mtu kumbe ni mkopo.

Ofisa akija, daftari safi linamridhisha zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti risiti za manunuzi zipo na zinasomeka. Na hapa nakupa siri moja: zile karatasi za risiti za mashine zinafutika. Ukiziweka kwenye droo inayopigwa na jua, miezi sita unabaki na karatasi nyeupe. Zipige picha siku ile ile unayozipokea.

Linamfaa mwenye duka moja, anaekaa mwenyewe, bidhaa sio nyingi, na mtu asiekasirika na hesabu. Halimfai anaesafiri kwenda kuchukua mzigo kila mwezi.

Mhasibu wa nje anaekuja mwisho wa mwezi

Hapa sizungumzii mhasibu wa kuajiriwa mwenye meza yake, huyo biashara ndogo haimuwezi. Nazungumzia yule anaeshika maduka manane au kumi, anapita tarehe za mwisho, anachukua mfuko wako wa risiti, anarudi na ritani tayari na namba ya malipo ukalipe benki au kwa simu. Mie nilikuwa namlipa 150,000 kwa mwezi, wengine wanalipa chini ya hapo na wengine zaidi kwa kadiri ya risiti.

Faida yake ni ujuzi. Kosa la 15 juu ya 115 hakulifanya hata siku moja, na ndie aliegundua miezi yangu mitano na akanishika mkono kwenda kuirekebisha. Anajua bidhaa gani zimesamehewa kwenye jedwali la sheria na zipi hazikusamehewa, jambo ambalo mwenye duka la vyakula mchanganyiko linaweza kumtia wazimu. Bajeti ikibadilisha kitu anakuwa ashasikia. Na ukiitwa ofisini kwa maelezo una mtu wa kukaa nae, hata moyo unatulia.

Lakini kaunta hayupo. Hili watu hawalioni. Mhasibu anahesabu alichopewa, risiti ambayo kijana wako hakuikata haimo, ya manunuzi uliyoisahau kwenye gari haimo, mkopo wa Paje hukumwambia haumo. Anakupa hesabu sahihi ya mambo pungufu, na wewe unalala usingizi kwa sababu "mhasibu anashughulikia". Ritani ikiwa mbaya barua inakuja kwa jina lako, yeye haandikiwi.

Na kuna suala la mtu kuondoka. Wa kwanza wangu, simtaji na wala sina kinyongo nae, alipata kazi Bara akaenda zake mwezi wa Ramadhani, mwezi ambao mauzo yangu yanapanda kuliko wakati wowote. Neno la siri la kuingilia kwenye mfumo analo yeye, barua pepe iliyosajiliwa ni yake, mafaili kwenye laptopu yake. Nilihangaika wiki mbili na ritani ikachelewa, adhabu nikalipa mie. Sikulalamika kwa mtu maana kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, nilimwambia "we weka yako tu, mie sijui mambo ya imeili." Ukichukua mhasibu, imeili yako, simu yako, neno la siri lako, yeye unampa ya kuingilia kufanya kazi, na nakala ya kila ritani inakuja kwenye wasap yako siku ile ile. Akikasirika kwa hilo, huyo muache.

Anamfaa mwenye maduka mawili au matatu ambae mwenyewe hana muda, mwenye mchanganyiko wa bidhaa zenye kodi na zilizosamehewa, na anaeuza kwa mahoteli na maofisi ambao wanadai risiti zilizonyooka. Ambae hana tabia ya kutunza karatasi asitegemee mhasibu amuokoe, atamlipa mtu kila mwezi amfanyie hesabu za nusu duka.

Programu ya kaunta

Hii ndio inayowapendeza vijana, kompyuta au tableti, skana ya kupiga mistari, kila ukiuza stoo inapungua yenyewe na VAT inajihesabu. Ikiwekwa vizuri ndio njia pekee katika tatu hizi inayokaa kaunta usiku na mchana bila ya kuchoka. Mwisho wa mwezi unabonyeza, mauzo hayo, VAT hiyo, mikopo hiyo kwa majina. Mwanzo nilikuwa naona kama uchawi.

Ikiwekwa vibaya inakosea kila siku kwa uaminifu mkubwa. Rafiki yangu mmoja wa Kiembesamaki kauziwa programu iliyotengenezwa kwa maduka ya Bara, imekuja na 18% ndani, hakuna aliebadilisha, kauza wiki sita. Mwengine alieka bei zake zina VAT ndani lakini kwenye mipangilio kaacha alama ya "bei bila ya kodi", kwa hiyo programu ikawa inaongeza 15 juu ya 15, wateja wakalalamika kapandisha bei na yeye anaapa hajapandisha. Daftari linakosea mara moja kwa siku ukichoka, hii inakosea kila risiti mpaka siku utakayoitazama. Kwa hiyo siku ya kufungiwa usimuachie fundi peke yake, kaa nae, piga bidhaa ya 115,000, hakikisha inakwambia 15,000, kisha piga kitu kilichosamehewa uone inakwambia sifuri.

Suali la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hata shilingi: hii inazungumza na mfumo wa risiti wa ZRA au la? Ikiwa haizungumzi basi kijana wako atauza kwenye programu halafu akate risiti tena kwenye simu, kazi mara mbili, na foleni ikiwa ndefu jioni ya kuamkia sikukuu unajua mwenyewe ipi ataiacha. Muulize pia umeme ukizimika inahifadhi wapi, na ukitaka kuhama miaka miwili mbele utapewa data yako au atakushika shati.

Gharama inakuja mara mbili, ya kununua vifaa na ya kila mwezi au kila mwaka. Na kuna gharama ambayo haiko kwenye bei, ile wiki ya kuingiza bidhaa zote moja moja. Mie na mtoto wa dada yangu tulikaa siku tisa, soketi tu zilikuwa aina thelathini na mbili. Intaneti ikiyumba usirudi kwenye kichwa, weka kidaftari kidogo pembeni ya kaunta cha dharura na jioni ile ile yaingizwe.

Siku ya ukaguzi inapendeza, kila kitu kimepangwa. Ila manunuzi bado ni mkono wako, programu haikumbushi kudai risiti kwa mtu wa jumla, na hapo ndipo zile 150,000 zilipopotelea.

Inamfaa mwenye bidhaa nyingi, anaeachia vijana kaunta, mwenye matawi. Mwenye bidhaa ishirini anajinunulia pambo.

Sasa wewe uko wapi

Una duka moja, unakaa mwenyewe, na hujafika kiwango cha VAT lakini unakikaribia: daftari, ila lianze leo kuandikwa kama vile umeshasajiliwa, na kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi kumi na mbili ya nyuma. Siku utakayofika utajua kabla ya kuambiwa. Ukipata nafasi mlipe mhasibu siku moja tu akupangie safu za daftari, siku yake hiyo inakuokolea mengi.

Una maduka mawili, moja unakaa wewe na jengine yupo mdogo wako au kijana: tatizo lako liko kwenye lile duka usilokaa, kwa hiyo mhasibu peke yake hatokusaidia. Anza na programu kwenye duka hilo, lako liache na daftari mpaka uzoee. Watu watakwambia ni vibaya kuchanganya, mie nilichanganya mwaka mzima na nilipumua.

Unauza kwa mahoteli kwa mkopo, Nungwi, Paje, Jambiani: njia yoyote uchague, lakini fungua akaunti ya pembeni, benki ya PBZ au popote, na kila risiti ya mkopo ukiikata chukua VAT yake kwenye mauzo ya taslimu ya siku ile uitie humo. Ikikushinda punguza mkopo, maana unawakopesha hoteli na bidhaa na kodi pamoja. Hapa mhasibu anastahili pesa yake kwa sababu atakufuatilia nani kalipa nani bado.

Una duka la vyakula na vitu vya nyumbani vimechanganyika, vyengine vimesamehewa na vyengine havikusamehewa: mhasibu akupangie orodha kwanza, halafu programu iifuate hiyo orodha. Ukianza na programu utamuachia fundi wa kompyuta akuamulie mambo ya sheria.

Uko Pemba, Wete au Mkoani, mhasibu mzuri yuko Unguja na anakuhudumia kwa simu: inawezekana kabisa maana ritani zinakwenda kwa mtandao, lakini mfuko wa risiti usiupakie melini. Kila Alkhamis piga picha za wiki, mtumie, karatasi zenyewe zibaki kwako kwenye sanduku. Na ikitokea suali, ofisi ya Chake iko karibu zaidi kuliko yeye, nenda ukaulize mwenyewe kwa mdomo wako, na jibu wakikupa waombe wakuandikie.

Na kama ushachelewa, una miezi ambayo hukupeleka au umepeleka vibaya, usinunue programu wala usibadilishe kitu mwezi huu. Tafuta mhasibu wa kazi moja tu, mlipe akusafishie ya nyuma mwende pamoja ZRA kabla wao hawajakuita, halafu ndio urudi hapa uchague.